Nilivyofika Ulaya na Valizi Tupu Bila Kutoka Bukavu

Wakuu, habari za mchana. Shikamoo kwa walionizidi, ingawa kwa umri wangu sidhani kama mmebaki wengi humu.

Sijawahi kuanzisha uzi. Mimi ni wa kusoma na kupita. Leo naandika kwa sababu nina jambo la kujibu kabla mwezi haujaisha, na jibu sina. Ninayosimulia yalinipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Kama kuna ndugu yangu humu atanitambua, basi anitambue.

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka kijijini kwetu, upande wa Walungu. Familia inamjengea mama yangu kaburi la saruji. Wamekubaliana na maandishi ya msalaba: jina lake, halafu chini yake, "Mama wa mtoto wa kwanza wa hapa kufika Ulaya."

Huyo mtoto ni mimi.

Wakuu, mimi Ulaya sijafika mpaka leo.

Twende taratibu. Naandikia kwenye simu, macho yenyewe ndiyo haya, mtanivumilia.

Ni miaka ya Zaïre, ile ya sabini inaelekea mwisho. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani wa kupiga taipu kwenye ofisi moja ya kahawa pale Bukavu. Nilipanga chumba Nyalukemba. (Sasa nipo Kigoma, miaka mingi, ndiyo maana Kiswahili changu kimekaa hivi. Wa kwetu msinicheke.)

Nilikuwa kijana wa kujipenda. Nasema wazi, nilikuwa na kiburi cha nguo.

Tai ilikuwa marufuku nchi nzima. Wanaume wote tulivaa abacost, lile koti la kufunga vifungo mpaka karibu na shingo. Sasa kama wote mmevaa koti moja, kijana atajitofautishaje? Kwa kitambaa. Kwa suruali pana chini inayofagia barabara. Kwa viatu vya kisigino kirefu, ukishuka nacho mteremko wa Bukavu wakati wa mvua unaomba watakatifu wote.

Na kwa picha. Hasa picha.

Kulikuwa na mpiga picha, tulimwita Papa Zihalirwa, studio yake ilikuwa kwenye barabara ya kuteremkia Muhumba. Ndani alikuwa na pazia lililochorwa ngazi na maua, simu ya mezani isiyo na waya, miwani ya jua, koti zito la kijivu la nchi za baridi, na valizi, sanduku la safari. Valizi ya kahawia, pembe za chuma, imebandikwa karatasi za hoteli za Ulaya. Sijui aliipata wapi. Ndani haikuwahi kuwa na kitu.

Ukitaka picha ya kawaida unapiga studio. Ukitaka picha ya kuua watu, unakwenda naye Kavumu.

Jumapili baada ya misa ya kwanza tunapanda gari mpaka uwanja wa ndege. Kupiga picha pale kulikatazwa, lakini Papa Zihalirwa alikuwa na mwanajeshi wake, anampa sigara, yule anageuka kuangalia milima. Tunasimama kwenye uzio, mmoja mmoja, ndege nyuma yetu. Koti la kijivu begani, valizi mkononi, uso wa mtu anayeondoka.

Alikuwa na kazi kubwa ya kutufundisha namna ya kuishika.

"Hapana, hapana! Unabeba kama kikapo ya mayai. Inama kidogo upande huu. Bega ishuke. Valizi iko nzito, wewe! Iko na nguo ya mwaka muzima ndani!"

Tunainama. Anapiga.

Halafu mchana tunakwenda kula Muhumba, kwenye mkahawa mmoja wa kando ya ziwa. Sambaza, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga, ndizi, nyama ya mshikaki, na uma na kisu ambavyo hakuna aliyejua kuvitumia sawasawa. Hakuna kugusa chakula kabla Papa Zihalirwa hajapiga. Tunakula kimepoa.

Kwa hiyo nyinyi vijana mnaopiga picha sahani kabla ya kula, na kusimama mbele ya gari lisilo lenu, msidhani mmegundua kitu. Sisi tulitangulia, tena kwa filamu ya picha thelathini na sita.

Sasa mama yangu.

Mama alikuwa mbebaji. Wa Kivu mnaelewa. Wengine, ni hivi: kwetu wanawake hubeba mzigo mgongoni, na kamba yake inapita kwenye paji la uso. Mihogo, makaa, ndizi, kutoka kilimani mpaka sokoni. Mama alikuwa na alama ya ile kamba, mfereji kabisa kwenye paji, kidole kinaingia. Alinisomesha kwa lile paji.

Na alikuwa na kipaji kimoja. Alijua uzito wa kitu kwa kukiinua tu. Wanawake wenzake kabla ya kwenda sokoni walimletea gunia, "Mama Mugisho, inua utuambie." Anainua kidogo, anarudisha chini, anataja kilo. Wafanyabiashara wenye mizani walikuwa hawampendi.

Akija kunitembelea Nyalukemba alikuwa na starehe yake moja, chai. Anaweka sukari vijiko vinne, anakoroga taratibu, halafu anatazama kama kuna mtu amemuona. Kijijini sukari ilikuwa ya Krismasi na Pasaka.

Nilimpenda mama yangu. Naomba mlishike hilo kabla hamjaanza kunitukana.

Picha moja ya Kavumu ilitoka nzuri kupita zote. Bega limeshuka vizuri, ndege inaonekana mpaka ngazi yake. Nikampa mfanyabiashara mmoja wa kijijini ampelekee mama. Sikuandika neno lolote nyuma. Kulikuwa na muhuri wa studio tu. Nilitaka mama aone mtoto wake amependeza, basi.

Mama hakujua kusoma. Aliipeleka picha kwa katekista. Katekista akatazama ndege, akatazama koti, akatazama valizi, akasema huyu mtoto ameshaondoka, amekwenda Ulaya.

Jumapili iliyofuata ikatangazwa kanisani. Watu wakacheza ngoma nyumbani kwetu.

Mimi niliyajuaje? Hapa ndipo dhambi inapoanza. Baba yangu mkubwa, Papa Cikuru, ndiye aliyekuwa mkubwa wa familia baada ya baba kufa. Aliandika barua kwa chef, mkubwa wa ofisi yetu, kumshukuru kwa kumpeleka kijana wao Ulaya, na kuomba anwani yangu ya huko.

Na aliyekuwa akifungua barua za ofisi ni mimi.

Nilicheka, wakuu. Nilicheka peke yangu mpaka machozi. Halafu nikaacha kucheka, nikaanza kufikiri.

Kila Ijumaa chumba changu kilijaa ndugu. Binamu anatafuta kazi, shangazi anakwenda kwa daktari, mjomba amepita tu lakini atalala siku tatu. Wanalala kwenye kitanda changu, mimi chini. Nguo zangu zinavaliwa. Nikawaza, mtu aliye Ulaya hatembelewi.

Nikachukua karatasi ya ofisi yenye kichwa chake. Nikapiga taipu mwenyewe, kwa jina la chef: Citoyen Mugisho (wakati ule "bwana" ilikatazwa) yuko salama, masomo ni marefu, posta ya huko ni ngumu, barua zote zipitie hapa kwetu. Nikasaini kwa mkono wa kupinda.

Nilihama chumba, nikabaki Nyalukemba ileile lakini mtaa wa nyuma. Soko la watu wa kwetu nikaliacha. Siku moja nilimuona mwanamke wa kijijini kwetu, nikaingia katikati ya vitenge vya duka nikajifunika mpaka akapita. Mwenye duka alidhani nimeugua.

Ijumaa zangu zikawa zangu. Nilijiambia kwamba mama naye anafurahi, kijijini anaitwa Mama Bulaya, anakaa benchi la mbele kanisani. Nani ameumia?

Ilikwenda hivyo mwaka mzima na miezi kadhaa. Kila baada ya muda napiga taipu barua, "Citoyen Mugisho anawasalimu."

(Kuna mkuu ameshauliza hapo chini kama sikuwa nikimkumbuka mama. Nilikuwa namkumbuka. Niliona ni jambo linaloweza kusubiri.)

Jumamosi moja, saa sita mchana, nilikwenda studio kuchukua picha zangu. Papa Zihalirwa alikuwa na kamba ya kukaushia, picha zinaning'inia kwa vibanio. Za kwangu zilikuwa tano. Mimi na sahani. Mimi na ziwa. Mimi na viatu vipya.

Ya sita ilikuwa ya mwanamke kwenye kitanda cha hospitali. Amefunga kitambaa kipya kichwani, amekonda, na mfereji kwenye paji la uso. Ameshika picha kifuani, ameielekeza mbele ionekane.

Picha aliyoishika ni mimi, Kavumu, na valizi.

Papa Zihalirwa alikuwa anafuta lensi, hakunitazama.

"Nilikuwa nakungojea," akasema. "Ile mama iko ku hôpital hapa juu. Wiki mbili. Binti yake alikuja na picha, akasoma cachet yangu nyuma. Akaniomba niende nipige mama yake, anataka kutuma kwa mutoto iko Bulaya, amuone mbele ya kufa."

"Ulimwambia nini?"

"Sikusema kitu. Mimi iko photographe, haiko padiri." Akaweka lensi mezani. "Nilitaka kutengeneza ile alama ku kichwa na crayon, iishe. Akakatala. Alisema mutoto wake hatamutambua bila ile."

Hospitali ile, wakuu, nilikuwa napita chini yake kila Jumapili nikienda kula Muhumba. Dakika kumi na tano kwa miguu kutoka chumbani kwangu. Mama alikuwa juu pale kwenye kitanda, mimi napita chini na viatu vya kisigino.

Papa Zihalirwa akasema, "Enda. Sasa hivi."

Sasa sikilizeni nilichofanya.

Nilimuomba valizi.

Mzee yule alikuwa ananipenda, na nadhani siku hiyo mapenzi yalimtoka. Akapanda kwenye kiti, akaiteremsha kutoka juu ya kabati, akaipangusa vumbi. Akanipa na koti la kijivu.

"Chukua. Lakini unajua iko bure ndani."

"Najua, Papa."

Nilipanda ule mlima na koti la baridi kwenye jua la saa saba. Nilipita maduka matatu yanayouza maziwa ya kopo, sabuni, biskuti. Mfukoni nilikuwa na pesa. Haikunijia kabisa kwamba mtu akitoka safari analeta kitu. Nilikuwa nimezoea valizi ile ni ya kupigia picha tu, kazi yake ni kuonekana.

Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda kumi na viwili. Dada yangu Nsimire alikuwa amekaa chini, anasuka mkeka. Yeye ndiye aliyekuja kumuuguza mama, analala sakafuni pale, anampikia uani. Aliponiona alipiga kelele, wodi nzima ikaamka.

"Mugisho! Mama, Mugisho amekuya! Ametoka ku Bulaya!"

Wanawake wakapiga vigelegele, wengine wamelala hawawezi hata kukaa. Sista mmoja akaja mbio akidhani mtu amekufa.

Mama alikuwa mdogo. Sijui niseme vipi. Tumbo lilikuwa limevimba na mwili uliobaki wote umekwisha. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama, akalia bila sauti.

"Ulijua namna gani, mutoto wangu?"

"Niliota, mama. Nikapanda ndege."

Ndivyo nilivyosema. Niliota, nikapanda ndege.

Mama wa kitanda cha jirani, mnene, mwenye maneno mengi, akasema, "Mama Mugisho, valizi ile! Angalia valizi! Leo tutakula vya Bulaya!" Na wengine wakacheka, wakaanza kusogeza vichwa.

Nilikuwa nimeiweka chini kando ya kitanda. Mama akateremsha mkono, akaishika mpini. Akaiinua.

Aliinua kidogo tu, kama alivyokuwa akiinua magunia ya wenzake. Nilimuona akisimamisha mkono hewani. Mgonjwa yule, asiyeweza kushika kikombe, aliinua valizi ile kwa mkono mmoja.

Alinitazama. Haikuchukua muda.

Halafu, wakuu, mama yangu aliinama upande. Bega lake likashuka. Akaleta mkono wa pili, akaishusha ile valizi taratibu kwa mikono yote miwili, akahema.

"Iko nzito sana," akawaambia. "Mutoto amechoka. Mupatieni kiti."

Yule jirani akasema basi ifunguliwe. Mama akakataa. Akasema hapa pana wezi, itafunguliwa nyumbani mbele ya familia. Akamwambia Nsimire aisukume chini ya kitanda, upande wa ukutani.

Nikakaa kwenye kiti nilichopewa. Nilikuwa natoka jasho mpaka miguuni, na koti sikulivua.

Aliishi siku tisa baada ya hapo.

Nilikwenda kila siku. Wanawake wa wodi walinitaka niwasimulie Ulaya, nikawasimulia baridi, treni, nyumba ndefu, vitu nilivyosoma kwenye magazeti ya ofisini. Mama alikuwa anafumba macho nikianza. Swali lake kwangu lilikuwa moja.

"Kule unakulaka muzuri?"

"Ndiyo, mama."

"Basi."

Wageni walikuwa wengi, watu wa parokia na kina mama wenzake wa kikundi cha sala. Kwetu huendi kumuona mgonjwa mikono mitupu. Huyu ameleta kipande cha sabuni, yule sukari kwenye karatasi, yule kopo la maziwa.

Siku ya nne nilimkuta Nsimire anamnywesha uji. Nikaonja. Haukuwa na sukari hata punje. Nikamfokea dada yangu, sukari yote hii inayoletwa inakwenda wapi? Nsimire akainamisha kichwa. Mama ndiye aliyejibu, sukari sasa inamletea kichefuchefu, aachwe.

Niliamini. Nilifikiri ugonjwa umemharibia ulimi.

Siku nyingine niliona anaoshwa kwa maji matupu. Sikuuliza. Nilidhani ngozi yake haitaki sabuni.

Siku ya sita wenzake wanaoweza kutembea walikuwa nje wanaota jua, Nsimire yuko uani anapika. Nikaona ndiyo saa yenyewe. Nikapiga magoti.

"Mama, iko kitu nataka kukuambia. Mimi..."

"Nipe maji," akasema.

Nikampa maji. Akanywa kidogo sana. Nikaanza tena. Akageukia ukutani akasema amechoka, anataka kulala. Hakutaka kusikia, na mimi, Mungu anisamehe, nilifarijika.

Alikufa mchana wa siku ya tisa, mimi nimemshika mguu, Nsimire kichwa.

Tulipokuwa tunakusanya vitu, nikainama kuvuta valizi chini ya kitanda. Haikuja. Nikavuta kwa nguvu. Ilikuwa nzito kweli.

Nikadhani Nsimire ameweka nguo za mama humo. Sikuwa na kichwa cha kufikiri zaidi.

Tukampeleka nyumbani kwa gari la parokia. Tukamzika siku ya pili. Watu walikuwa wengi, na nusu yao, niseme ukweli, walikuja kumuona mtu wa Ulaya. Katekista alinisimamisha mbele.

Siku ya tatu ya kilio Papa Cikuru aliita familia uani. Akaagiza valizi iletwe. Akasema marehemu alitoa neno kwamba ifunguliwe mbele ya wote, na neno la marehemu haliachwi.

Hapo ndipo niliamua, wakuu. Niliapa moyoni, ikifunguka na nguo za mama zikitoka, nitasema yote. Nilisimama kabisa.

Papa Cikuru akafyatua vyuma viwili vya kufungia.

Juu kulikuwa na picha ya Kavumu. Chini yake vipande vya sabuni, vimepangwa vizuri, vimefungwa kwenye kitenge chake kipya ambacho hakuwahi kukivaa. Makopo ya maziwa. Biskuti. Na pakiti za sukari, ndogo ndogo, za karatasi, nyingi, hakuna hata moja iliyofunguliwa.

Shangazi akasogea aone vizuri.

Nsimire akasema, sauti kavu, "Ni zawadi Mugisho alileta. Mama alisema mugawanye, kila mutu apate."

Watu wakapiga makofi. Wakagawana. Shangazi alipewa kitenge. Papa Cikuru alichukua kipande cha sabuni akakinusa, akanusa tena.

"Harufu yake iko kama ya Bukavu," akasema.

Nsimire akamjibu, "Bukavu ndiko wanaiga, Papa."

Wakacheka. Na mimi nilikuwa bado nimesimama. Mdomo ulikuwa wazi, maneno nilikuwa nayo.

Nikakaa.

Baadaye nilimfuata Nsimire nyuma ya nyumba. Hakuwa analia. Aliniambia siku ile ile niliyofika, nilipoondoka jioni, mama alimnong'oneza aifungue valizi aone. Alipoiona tupu alitaka kupiga kelele. Mama akamshika mkono.

"Alisema hivi: 'Batu watauliza ametuletea nini. Kila kitu watanipa, weka humo. Mimi sihitaji.' Nikamuambia, mama, kunywa hata uji na sukari kidogo. Akasema hapana, kila pakiti ihesabiwe ya mutoto."

Halafu akaniuliza, "Ulikuwa wapi, Mugisho?"

Nikamwambia. Nyalukemba.

Hakunipiga. Aliingia ndani akaendelea kuosha vyombo vya kilio.

Wakuu, huo ndio ukweli wangu. Mama yangu, mpenda sukari wa vijiko vinne, alikunywa uji mchungu siku tisa na kuoshwa bila sabuni ili mimi nisiaibike mbele ya ndugu. Na nilipopata nafasi ya kuaibika, ambayo ilikuwa haki yangu, nilikaa chini.

Valizi nilimrudishia Papa Zihalirwa. Hakuwahi kuipeleka Kavumu tena, alisema imepata ufa. Mimi sikuuona ufa wowote. Picha ya mama alinipa bila kuchukua chochote. Ipo ukutani hapa ninapoandika, mama ameshika picha, ndani ya picha kuna mimi nimeinama upande.

Nilichojifunza? Sina cha kuwafundisha watu wazima. Niseme moja tu kwa vijana wa picha: anayeitazama picha yako kwa mapenzi anaiamini. Wengine wote wanajua ni mchezo. Yeye hajui. Basi umwambie mapema.

Sasa swali langu, na ndiyo sababu ya uzi. Fundi wa saruji anangoja maandishi. Nilimpigia Nsimire, yupo Bukavu, mzee kama mimi. Nikamwambia nataka kuwaambia ukweli, yale maneno yasiandikwe.

Akasema, "Mama alishalipa ile kitu. Wewe unataka kuifungua tena juu ya kusaidia nani? Yeye, ao wewe?"

Akakata.

Nikiwaambia, namuaibisha mama aliyesema mbele ya wodi nzima kwamba valizi ni nzito. Nikinyamaza, uongo wangu unakaa juu ya kichwa chake kwa saruji.

Semeni, wakuu. Hata matusi nitayasoma yote. Fundi amesema Jumatatu.